Mwaka wa Kivumbasi Dume

Tulimzika Kabula Jumamosi, kule nyuma ya Chita, kwenye uwanja wa nyumba yake mwenyewe, karibu na zizi. Nilichelewa treni ya kwanza, nikafika jeneza limeshatolewa nje na kijana mmoja wa ukoo anasoma wasifu wa marehemu kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Alizaliwa, akaolewa, akahama na mifugo, akajaliwa watoto saba na wajukuu ambao idadi yao ilizua ubishi mdogo pale pale, hakubahatika kwenda shule, akaugua, akafariki. Basi. Nilikuwa nimekaa mkekani na kina mama, nikisubiri kijana ageuze karatasi aendelee upande wa pili, na upande wa pili ulikuwa mweupe. Ningeweza kunyoosha mkono. Mimi si mtu wa kuogopa kusema mbele za watu, waulize majirani zangu wa Lipangalala, lakini siku ile sikuunyoosha. Nikala wali wa msiba, nikalia na wenzangu, nikarudi Ifakara nimejikasirikia njia nzima. Ndiyo maana naandika. Katika mwaka ninaoukumbuka hapa, Kabula aliniuliza swali la maneno mawili, na kama si swali lile ningeishi na uongo wangu mpaka leo, tena ningeishi nao kwa raha.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Habari za kwetu na za shule nimeziandika mahali pengine, tuziache. Naanza na chumba. Kilikuwa chumba cha nyuma katika nyumba ya kupanga pale Viwanja Sitini, mjini Ifakara, nyumba ambayo mradi mmoja mdogo wa utafiti ulikuwa umeikodi ili kupima kama moshi wa majani ya bonde letu unafukuza mbu kweli au ni mazoea tu. Dirisha lilizibwa kwa chandarua. Katikati kulikuwa na kichanja cha nyaya, chini yake jiko la mkaa, juu yake mbao za kubania mimea, zimefungwa kwa mikanda, ndani zimejaa magazeti ya zamani na matawi yaliyolazwa kati ya kurasa. Kila asubuhi tulibadilisha magazeti ili mimea isiote ukungu, na kwa kuwa kazi ile haina maneno mengi, nilisoma habari zote za nchi hii zikiwa zimechelewa miaka miwili. Harufu ya chumba kile ilikuwa kali na tamu kwa pamoja. Iliingia kwenye nywele, kwenye khanga, hata kwenye chakula. Mchana tulikula sebuleni, wali na kambale mkavu aliyepikwa kwa nyanya, na haikuwa ajabu kukuta jani limejikalia juu ya sahani. Leo nina jiko la gesi na meza ya vioo, na bado wali usiokuwa na harufu ile naona kama haujaiva sawasawa.

Mkuu wetu aliitwa Bwana Mkude, mtu wa Morogoro, mrefu, sauti ya chini, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Siku ya kwanza alitupanga vibarua watatu mbele ya meza, akaweka matawi kumi, akatuambia tuyataje. Mwenzangu mmoja alitaja manne, mwingine sita. Mimi nilitaja yote kumi, nikaongeza na lipi linaliwa na lipi linatibu tumbo la mtoto. Nilijivuna, na sioni haya kusema hivyo; mpaka siku ile hakuna mtu aliyekuwa amenilipa kwa kitu nilichokuwa nakijua bure. Bwana Mkude aliitikia kwa kichwa akatueleza masharti. Nafasi ya kudumu ilikuwa moja. Kiangazi kikiisha, angemchukua yule ambaye neno lake juu ya mmea anaweza kuliandika bila kwenda kulihakiki kwa mtu mwingine. Niliisikia sentensi ile kama ametamka jina langu.

Nieleze kidogo kwa msomaji wa mbali. Huku bondeni, mvua zikikaribia, watu wanahama. Nyumba ya mjini anabaki bibi na kuku, wengine wanavuka mto kwenda kukaa kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti katikati ya mashamba ya mpunga, mpaka mavuno. Mbu wa huko si wa kuhadithiwa. Basi jioni kila dungu linawekewa kigae cha chungu chenye makaa, na juu ya makaa majani ya kivumbasi. Kivumbasi chenyewe kila mtu anakijua: kichaka kinachofika kifuani, shina la pembe nne, majani yake ukiyafikicha yananuka karafuu. Lakini miaka ile wanawake walikuwa wameanza kuchuma na kingine, kinachofanana nacho kwa shina na kwa mpangilio wa majani, ila kina manyoya na harufu kali zaidi, na kilikuwa kinaota kwa wingi pembezoni mwa mashamba mapya. Sisi watu wa bonde hatupendi kitu kikae peke yake. Kile cha zamani kikaitwa jike, kipya kikaitwa kivumbasi dume, na sheria ikazuka papo hapo: fungu la kuchoma lazima liwe na vyote viwili, kwa sababu moshi wa jike peke yake ni mpole mno, na wa dume peke yake ni ukali usio na faida. Mama zangu wadogo walilifunga fungu hivyo, nami nikalifunga hivyo.

Kwa hiyo Bwana Mkude alipopokea mafungu ya kwanza kutoka kwa kina mama wa Lipangalala, akayafungua, akaona majani ya aina mbili, aliniita mimi. Nilimjibu bila kusita kwamba ni mmea mmoja, hili dume, hili jike. Alinitazama juu ya miwani akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia, Mzee, hiki ni cha kwetu. Yeye alikuwa mtaalamu wa miti ya msituni, magugu hakuwa amesomea sana, na mipapai si iko hivyo hivyo, mmoja dume na mwingine jike? Akaandika. Niliiona kalamu yake ikitembea, kivumbasi dume, kivumbasi jike, na pembeni akaweka herufi ya kwanza ya jina langu kama ushahidi. Nikijikumbuka nilivyosimama pale, mikono nyuma, shingo ndefu, natamani kumvuta sikio binti yule. Hakuwa anadanganya. Alikuwa hajawahi kuliangalia ua la mmea ule hata siku moja, maana majani yalimtosha.

Miezi miwili ikapita na kazi haikwenda. Mradi ulikuwa na vibanda vya kupimia moshi nje kidogo ya mji, na vibanda havikukubaliana. Kimoja mbu walikimbia, cha jirani yake wakakaa, wiki iliyofuata ikawa kinyume. Bwana Mkude alianza kutushuku kwamba tunapima majani vibaya, kisha akashuku mkaa, kisha upepo. Alikonda. Wakati wa chakula alikuwa anakula huku anafungua daftari, na punje za wali zikawa zinabaki kati ya kurasa. Mimi nilimhurumia kwa moyo wote, wala haikunijia kwamba ugonjwa ule nimemletea mimi.

Ndipo akanituma upande wa Chita kutafuta dume, kwa kuwa la karibu na mji lilikuwa limechumwa likaisha. Nilishuka kwenye treni na magunia mawili matupu, nikaelekezwa kwenye maboma ya Wasukuma waliokuwa wamehamia na ng'ombe, kwani ilisemwa ndiko lilikojaa. Mengine yaliyosemwa sokoni nilikuwa nayo kichwani pia: kwamba wao ndio waliolileta, kwamba walikotoka malisho yamekwisha na hapa nayo wanayamaliza, kwamba gugu lile limekuja kwenye kwato. Nilimkuta mwanamke mmoja anakamua, mtoto wa kike mgongoni, yeye mwenyewe si mkubwa sana kwangu, labda miaka mitano. Nilimwamkia kwa kile Kisukuma changu cha neno moja, mwadila, akacheka akaniitikia kwa maneno kumi nisiyoyaelewa. Huyo ndiye Kabula. Kabla hata sijaeleza shida yangu alinikalisha kwenye kigoda, akanipa michembe iliyochemshwa na karanga, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani. Mimi nilikuwa sijawahi kuvila, nikala mpaka nikaona aibu.

Tulipokwenda kuchuma, alinipeleka moja kwa moja kwenye boma la zamani lililohamwa, mahali ng'ombe walipolala msimu uliopita, na hapo mmea ulikuwa umesimama kutuzidi urefu, mkavu nusu, umejaa. Nikawa namfundisha wakati tunakata. Nilimweleza kuhusu jike na dume, nilimweleza sheria ya fungu, nilimweleza na mradi unavyoandika maneno yangu kwenye daftari. Kabula alisikiliza kwa adabu. Kisha akavunja kitawi kimoja, akakikung'uta kwenye kiganja, mbegu nyeusi zikamwagika, nyingi. Akazitazama, akanitazama mimi.

"Dume linazaa?" akauliza.

Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa mtu aliyekulia nyuma ya ng'ombe, na alitaka kweli kujua. Nikavunja kitawi kingine, kina mbegu. Nikavunja cha mbali, nacho kina mbegu. Kabula akaongeza taratibu kwamba kwao dume halizai, na linalozaa wanaliita mama, labda mimea ya bondeni ina taratibu zake. Nikasema labda. Nikafunga magunia yangu. Ndani ya treni, abiria mwenzangu aliniuliza kama naumwa.

Nilikaa siku tatu bila kumwambia mtu, na siku hizo tatu sijivunii hata leo. Kitu ninachojivunia ni kwamba sikukaa bure. Mchana wenzangu walipopumzika, nilichukua lenzi ya mkononi ya Bwana Mkude, nikachuma kivumbasi nyuma ya nyumba na kile kingine kutoka kwenye gunia, nikaviweka sawa dirishani. Kwa mara ya kwanza nikaangalia. Maua ya kivumbasi yamepangana kwenye shuke refu juu ya tawi, hafifu, karibu meupe. Ya kile kingine yamejificha kwenye makwapa ya majani, madogo, rangi ya zambarau, na ukiligusa moja kwa ncha ya sindano mdomo wake wa chini unafyatuka ghafla. Kikombe kinachoshika ua la kivumbasi kina kifuniko cha mviringo kilichojikunja juu. Cha kile kingine kina mistari mirefu na miiba mitano midogo iliyosimama. Ndani ya kikombe cha kivumbasi mbegu ni nne, ndani ya kile zilikuwa mbili. Nilipasua vikombe arobaini, nikapata mbili, mbili, mbili. Havikuwa mume na mke. Vilikuwa ndugu wa mbali, wa ukoo mmoja wa mimea yenye shina la pembe nne, na kila mmoja alikuwa anazaa kwake. Nilikumbuka herufi ya jina langu pembeni ya lile daftari.

Siku ya tatu alikuja mgeni kutoka Dar es Salaam, mmoja wa wenye mradi, na wakakaa ofisini. Ukuta wa kutenganisha ofisi na chumba cha kukaushia ulikuwa wa mbao nyembamba, na mimi nilikuwa nabadilisha magazeti. Nikamsikia mgeni anauliza kwa nini kazi imekwama, na Bwana Mkude anajibu kwamba bado anatafuta. Mgeni akauliza kama wana uhakika na mmea wenyewe. Bwana Mkude akasema kwa sauti ya mtu anayejivunia kitu kwamba kuhusu mmea wasiwe na wasiwasi, ana binti mmoja mwenyeji, na neno lake analiandika kama lilivyo. Akasema kiangazi kikiisha ndiye atakayemchukua. Miezi yote ile nilikuwa nasubiri kuisikia sentensi hiyo. Nilikaa chini sakafuni, gazeti mkononi, nikatamani ningekuwa nimetaja yale matawi manne tu.

Mgeni alipoondoka tukala. Siku ile ilikuwa perege wa kukaanga, na Bwana Mkude alikuwa na uchangamfu kidogo, akaniongezea wali kwa mkono wake. Niliona nikimeza tonge lile bila kusema, sitasema tena maisha yangu yote.

"Bwana Mkude," nikasema, "kivumbasi dume hakipo. Ni mmea mwingine kabisa. Nilikosea mimi."

Hakuacha kula. Alimaliza samaki wake, akaupanga mfupa pembeni ya sahani, akanawa. Aliniuliza mafungu mangapi yamechanganywa, nikamwambia yote. Aliniuliza nimejuaje, nikamweleza mbegu, vikombe na miiba, na nikamwambia kwamba wa kwanza kushtuka si mimi, ni mama mmoja mfugaji wa kule Chita anayeitwa Kabula. Wenzangu wawili walikuwa wameacha kutafuna.

"Ungenyamaza, nisingejua," akasema.

"Najua, Mzee."

"Nenda nyumbani. Njoo kesho."

Nilikwenda nyumbani nikafua nguo zote nilizokuwa nazo, kwa kuwa sikujua mikono niifanyie nini. Kesho yake nilipofika, nilikuta mafungu yote ya ghala yamemwagwa sakafuni katika chumba cha nyuma, lundo moja mpaka usawa wa dirisha, majani yamekauka yamevunjikavunjika, harufu zimeingiliana hata pua haiwezi kutenganisha. Bwana Mkude alisema neno moja, tenga, akafunga mlango. Kwa macho haikuwezekana. Vilikuwa vijiti vya kahawia juu ya vijiti vya kahawia. Basi nikafumba macho nikaanza kwa vidole. Kikombe cha kivumbasi ukikipitisha kati ya vidole ni laini, kinateleza. Cha kile kingine kinachoma. Siku nne nilikaa kwenye lundo lile, kulia laini, kushoto kinachochoma, na jioni nilikuwa nashindwa kushika kijiko kwa jinsi ncha za vidole zilivyovimba. Nilipomaliza, Bwana Mkude alipita na lenzi kwenye malundo yote mawili, nusu siku nzima, amechutama. Alikuta vijiti viwili nilivyoviweka siko. Akaninyooshea vyote viwili, na nikavihamisha. Watu huniuliza mara nyingi nimejivunia nini zaidi katika maisha, wakitegemea nitaje cheti au nyumba, nami huwa nafikiria lundo lile.

Baada ya hapo kila moshi ulipimwa peke yake, na vibanda vikaanza kukubaliana. Lakini kuhusu nafasi yangu hakusema lolote. Alichosema ni kwamba mmea usio na jina lazima upelekwe mjini Dar es Salaam kwa wanaoujua, na jina peke yake ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mahali. Alitaka kujua unaota wapi, na wapi hauoti, kutoka Ifakara mpaka Chita. Akaniuliza nikipewa kazi hiyo nitaifanyaje. Nikamwambia siwezi kuifanya bila Kabula. Alifikiri kidogo akasema sawa, nauli na chakula cha wawili.

Tulitembea siku sita, mimi na daftari, Kabula na mtoto mgongoni na mfuko wa michembe. Tulikuwa tunapanda treni mpaka kituo, tunashuka, tunafuata reli kwa miguu, halafu tunakata kwenda bondeni na kurudi. Kabula alikuwa na namna yake ya kutafuta. Mimi nilitafuta mmea; yeye alitafuta ardhi iliyosumbuliwa, halafu mmea akaukuta. Mahali ng'ombe walipolala, upo. Shamba lililoachwa misimu miwili, upo. Mashimo ya kuchimbia kifusi, kando ya njia, nyuma ya kituo wanapotupa taka, upo mpaka mlangoni. Kwenye mbuga nyeusi inayofunikwa na maji wakati wa masika, hakuna hata mche mmoja. Chini ya kivuli cha msitu, hakuna hata mche mmoja. Alinionyesha kwenye mkia wa ng'ombe vile vikombe vya miiba vimeng'ang'ania, akanionyesha na kwenye upindo wa khanga yangu mwenyewe. Alinionyesha pia kwamba ng'ombe anaupita bila kuugusa, kwa hiyo nyasi zinaliwa, wenyewe unabaki, na mwaka unaofuata uwanja wote ni wake. Nikaandika kila kitu kama alivyosema.

Siku ya tano, kwenye kituo kidogo ambako hakuna mfugaji aliyewahi kufika kwa sababu ya mabwawa, tuliukuta mmea umeota kwenye kokoto za reli, wa kizazi juu ya kizazi, na mama mmoja aliyekuwa anauza maandazi pale akatuambia bila kuulizwa sana kwamba ule upo tangu malundo ya kokoto yanamwagwa, yeye akiwa binti, kabla hajamwona Msukuma hata mmoja bondeni. Kabula aliomba arudie. Mama akarudia. Kabula akakaa juu ya pipa, akamtoa mtoto mgongoni, akawa anamnyonyesha huku anatazama reli.

"Tumeubeba," akaniambia, "lakini hatukuuleta. Liandike hilo, mdogo wangu. Lote."

Niliandika yote, la kubeba na la kutoleta, kwa kuwa yote mawili yalikuwa kweli. Barua kutoka mjini ilifika wiki kadhaa baadaye. Ilisema mmea unaitwa Hyptis suaveolens, ni wa ukoo wa mnanaa, asili yake ni Amerika ya joto, na sasa umekuwa mlowezi katika nchi nyingi za Afrika. Nilimuuliza Bwana Mkude mlowezi kwa mmea maana yake nini. Akasema ni mmea uliotoka kwingine, ukafika, ukaota na kuzaa wenyewe bila kupandwa na mtu, mpaka ukawa na makwao hapa. Nilifikiria habari hiyo kwa muda, nikiwaza watu wengi tu ninaowafahamu.

Sampuli tuliyoibana vizuri kuliko zote ilishonwa kwenye karatasi nene, mbili, moja ya mjini na moja ya kwetu, na siku hiyo Bwana Mkude aliniita mezani kwa ajili ya lebo. Aliandika jina la Kilatini yeye mwenyewe. Kisha akanisukumia kalamu. Nikaandika mahali, nikaandika udongo, nikaandika reli na maboma na mashamba yaliyoachwa, nikaandika kwamba watu wa hapa walidhani ni kivumbasi dume na kwamba si kweli. Ikabaki nafasi ya mkusanyaji. Akasema niandike jina langu, kwa sababu kuanzia mwezi ujao lebo zote za mradi nitaandika mimi, na mtu wa kuandika lebo lazima azoee kuliona jina lake. Alivyolisema utadhani anazungumzia hali ya hewa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nimeajiriwa. Nikaandika jina langu kwa mwandiko wa darasa la kwanza, herufi kubwakubwa, kisha mkono ukaendelea: na Kabula binti Masanja.

Akaniwahi kwa kidole. Akasema lebo inabeba jina la mwajiriwa tu. Wengine wote tunawashukuru kwa mdomo, na yeye mwenyewe angekwenda kumshukuru. Nilikuwa nimeajiriwa kwa dakika tatu. Lakini nilishamwambia mtu huyu jambo gumu kuliko hilo na nilikuwa bado nimesimama.

"Basi futa langu, Mzee," nikasema. "Mimi nilisema dume. Yeye ndiye aliyeuliza."

Bwana Mkude alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, kazi ambayo kwa sababu ya ule uzi ilikuwa ndefu. Akaivaa tena, akaisoma lebo kuanzia juu mpaka chini.

"Wino wa lebo haufutwi," akasema. "Malizia na ya pili."

Ile ya pili, ya kwetu, niliomba niitoe siku mbili. Niliifunga kati ya mbao, nikapanda nayo treni, nikambebea Kabula mpaka Chita. Nilimkuta jikoni anasonga ugali, moshi umemjaa machoni. Nilimwambia asimamishe kazi kidogo, akasema ugali hausubiri wasomi, kwa hiyo nikasubiri mimi. Alipoupakua, nikafungua mbao. Aliutambua mmea wake mara moja, na vile vikombe vya miiba vilivyotulia kwenye karatasi. Nikamsomea lebo yote, mstari kwa mstari, na nilipofika kwenye wakusanyaji nikasoma jina langu, halafu jina lake na la baba yake. Akaniomba nimwonyeshe lipo wapi. Nikaweka kidole. Akaweka na yeye chake, juu ya changu, mpaka nikautoa wangu.

Akauliza karatasi ile itakaa muda gani. Nikamwambia nilivyoelezwa na Bwana Mkude, kwamba zikitunzwa zisiliwe na wadudu zinakaa sana, zipo ambazo waliozikusanya walikufa zamani na bado zinafunguliwa na kusomwa na watu wasiowajua.

"Kuliko ng'ombe?"

"Kuliko ng'ombe."

"Kuliko mimi?"

Nikamwambia ndiyo. Akamwita binti yake aliyekuwa anacheza na majivu, akampakata, akamfuta uso kwa upande wa khanga ulio safi, akamgeuza aangalie karatasi.

"Soma tena," akasema. "Polepole, huyu naye asikie."

Nikasoma tena.